Vichwa Sita vya Mishale na Mbavu za Mbuzi

Nina vidole kumi. Nimevihesabu asubuhi hii nilipokuwa napepeta maharagwe, halafu nikavihesabu tena, kwa sababu mara ya kwanza nilianzia mkono wa kulia, na mkono wa kulia huwa naupendelea. Vyote viko. Kwa mtu aliyenoa visu, mapanga, majembe, mikasi ya mafundi cherehani na kila kitu chenye makali kilichopita kati ya kambi ya Nakivale na mji wa Mbarara kwa miaka ishirini na miwili, kumi ni hesabu ya kujivunia. Ninyi vijana mlioingia kazi hii, jihesabuni kwanza, halafu tuendelee.

Jina nililopewa kwetu Fizi, watu wa hapa Juru wamelisahau. Wananiita Mama Makali. Marehemu mume wangu alikuwa anawaambia kwamba jina hilo nilikuwa nalo hata kabla sijanunua jiwe. Sasa nimestaafu. Yaani magoti ndiyo yaliyostaafu, mimi nimeyafuata tu. Baiskeli yangu ya kunolea imesimama nyuma ya nyumba, kuku wanaipanda, na mawe yangu mnakuja kuyaazima. Mkija, swali lenu ni lile lile: Mama, kitu kipya kutoka dukani, bado kiko ndani ya karatasi yake, kinataka kunolewa au kinaingia kazini hivyo hivyo?

Ningeweza kuwajibu kwa neno moja, lakini nyinyi ni vijana, neno moja mnalisahau kabla ya kufika barabarani. Nitawajibu kwa vichwa sita vya mishale. Karibu vimfukuzishe mtu kazi, vikaniaibisha mbele ya nusu ya mtaa wa Ruti kule Mbarara, na nikivikumbuka nacheka peke yangu mpaka majirani wanakuja kuniuliza kama nimepata habari kutoka nyumbani.

Kwanza lazima mumjue mwalimu wangu, la sivyo hamtaelewa maharagwe.

Mzee Silvestre alikuwa Mrundi wa kambi ya Oruchinga, katekista, mtu mwembamba kama mpini, na hakuna kisu kilichotoka mkononi mwake kikarudi na malalamiko. Nilimfuata nikamwomba anifundishe. Akaniangalia kitenge changu, akaangalia baiskeli yenye jiwe, akasema, "Mama, kwanza funga hiyo nguo. Hilo gurudumu halichagui." Siri yake ilikuwa rozari. Aliivaa shingoni na alipokuwa ananoa aliishika kwa kidole kidogo. Salamu Maria kumi upande huu wa kisu, anageuza kisu kwenye Baba Yetu, Salamu Maria kumi upande wa pili. Kila salamu, kisu kinapita kwenye jiwe mara moja. Hakuharakisha, kwa sababu hakuna mtu anayemkimbiza Bikira Maria. Hakusahau hesabu, kwa sababu shanga zilikuwa zinamkumbusha. Na makali ya pande mbili yalitoka sawa sawa kama nyusi.

Shida yangu ni kwamba mimi ni mtu wa kanisa la kupiga makofi. Ukisali kwa makofi na umeshika kisu, utarudi nyumbani na vidole saba. Basi nikachagua maharagwe. Kumi kwenye mfuko wa kushoto wa aproni. Nikinoa mara moja, haragwe moja linahama kushoto kwenda kulia. Kushoto kukiisha, nageuza kisu, na maharagwe yanarudi kutoka kulia kwenda kushoto. Mzee Silvestre alicheka, akasema Mungu anapokea hata maharagwe, mradi yamehesabiwa.

Wiki ya tatu nikapewa kisu kikubwa cha bucha, kile cha kupasulia ng'ombe. Nikanoa kwa furaha, naimba, nageuza, naimba, nageuza. Kesho yake mwenye bucha akakirudisha akiwa amekasirika lakini pia amechanganyikiwa. Alisema akikata nyama moja kwa moja, kisu kinaelekea kushoto kama mlevi anayetafuta ukuta. Nikakiweka kwenye jua nikaona: upande mmoja umeliwa, upande wa pili haujaguswa sana. Nikaingiza mkono mfukoni kutafuta maelezo, kidole kikatokea nje. Mfuko wa kulia ulikuwa na tundu. Upande wa kwanza ulipata kumi zake, halafu maharagwe sita yakaanguka chini, na upande wa pili ukapata nne. Kuku walikuwa wanafuata baiskeli yangu tangu asubuhi, na mimi nilidhani wamependa wimbo. Walikuwa wanakula hesabu yangu.

"Hiki kisu kimeongoka nusu," Mzee Silvestre alisema, na akakinyoosha kwa mchana mzima.

Tangu siku hiyo nahesabu kila kitu mara mbili, na mifuko naishona mara mbili. Watu wananiona mgumu. Wauza nyanya wa sokoni Base Camp wakiniona nakuja wanaanza kuhesabu wenyewe, ili nisikae pale mpaka mchana.

Sasa Ruti. Miaka ile ya mwisho ya kazi, kila Jumatano nilipanda pikapu ya mahindi kwenda Mbarara. Baiskeli ya pili, ya kunolea tu, niliiweka Ruti kwenye kibaraza cha bucha, barabara ya Kabale. Mwenye bucha alinipa kivuli, mimi nikamnolea visu vyake. Siku moja nimekaa pale, pikipiki ikasimama, akashuka kijana wa Kinyankore, mrefu, buti zina vumbi jekundu mpaka magotini. Alikuwa na boksi dogo mkononi, amelishika kama mtu aliyebeba mayai.

"Nyabo," akaniita, kama wanavyomheshimu mwanamke huku, "wewe ndio Mama Makali?"

"Inategemea nani anauliza na amebeba nini."

"Mimi iko Tumwine. Mimi nafanya kazi kule kwa ranchi, napeleka wageni kuwinda. Na upinde."

Nikasimama. Mimi ni mkimbizi, lakini ni mkimbizi mwenye akili. Mtu akikuletea mishale karibu na mbuga, kabla hujasema hata karibu, unaomba karatasi. Akatoa kibali, kina mihuri miwili. Nikakisoma. Nikakisoma tena. Mgeni mmoja, swala pala dume mmoja, aliyezeeka, aliyechaguliwa na wenye ranchi wenyewe. Sawa. Nikamwambia kaa.

Akafungua boksi. Vichwa sita vya mishale, vipya, vinang'aa kila kimoja kwenye kishimo chake, vimefunikwa na karatasi ngumu ya plastiki. Kila kichwa kilikuwa na mabawa matatu ya chuma, na kila bawa lina makali yake. Kwetu milimani babu zangu walitengeneza vya mabawa mawili kutoka chuma cha majembe. Haya matatu nilikuwa sijayaona. Nikahesabu: sita. Nikahesabu tena kutoka mwisho: sita.

"Mgeni nasema hapana noa," Tumwine akaeleza. "Iko mpya. Boksi nasema tayari kwa kazi. Mimi nataka tu wewe naangalia."

"Kwa nini niangalie kama viko tayari?"

Akavua kofia, akaizungusha. Halafu akaniambia jambo lililonifanya niache kumbania. Msimu ule tayari wanyama wawili walikuwa wamepigwa mshale na kukimbia na damu. Wageni wengine, mishale mipya hivyo hivyo, kutoka boksi hivyo hivyo. Wa kwanza Tumwine alimtafuta siku mbili, wa pili siku tatu, hakupata kitu. Bosi wake alikuwa amemwambia wazi: wa tatu akipotea, Tumwine anarudi kwao kubeba majerikani ya maziwa.

"Kubeba maziwa si mbaya, nyabo," alisema. "Lakini ile ya pili ilisimama kwanza. Inaniangalia. Halafu ikaenda."

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo mama yenu alipokosea. Nilikuwa nimeguswa, na mtu akiguswa anasema maneno makubwa. Watu wa kibaraza walikuwa wameanza kukusanyika. Nikainua boksi juu nikatangaza, kwa sauti ya kanisani, "Hivi vyote sita ni butu. Sina hata haja ya kuvigusa."

"Sita yote?" Tumwine akauliza.

"Sita yote. Nimehesabu mara mbili."

"Umehesabu vichwa," mwenye bucha akaingilia, "hujahesabu makali."

Alikuwa mtu wa kupenda ugomvi wa wengine, yule. Nikamwambia atoe mbavu za mbuzi tupime. Akauliza upande mmoja au pande mbili. Tumwine akasema mmoja unatosha, yeye ndiye anayezinunua. Mimi nikasema mbili. Tukabishana. Nikamwambia Tumwine, kijana wangu, wewe una swala mmoja na kazi moja, na mimi napima mara mbili. Piga hesabu uone ni pande ngapi. Akakubali pande mbili, kwa sharti kwamba baada ya kupima, zikaangwe. Hilo ni sharti lililonifurahisha sana nikajifanya halijanifurahisha.

Mgeni akaja na gari kutoka hoteli. Mzee, nywele nyeupe, anachechemea goti la kushoto, mpole. Hakujua neno la Kiswahili isipokuwa jambo, na jambo alikuwa nazo nyingi. Tumwine akamtafsiria. Mgeni akacheka, akanyoosha mkono kama anasema karibu, jaribuni.

Namna ya kupima ni hii, iandikeni. Kata utepe mwembamba wa tyubu ya baiskeli, uvute kati ya misumari miwili mpaka ulie ukiugusa. Halafu pitisha makali juu yake kwa uzito wa mkono tu, bila kusukuma. Makali mazuri yanaukata utepe kabla hujajua. Makali mabaya yanausukuma, unanyooka, unanyooka, unakuja nao mpaka unakupiga kwenye pua. Tyubu ni laini na inakimbia kisu kama ngozi inavyokimbia. Kucha za kidole zinadanganya na karatasi inadanganya zaidi, kwa sababu karatasi inakatika hata kwa mfupa wa samaki. Na msipime kwa kidole gumba. Nimeshawaambia nina vingapi na nataka muwe na hivyo hivyo.

Vichwa sita, mabawa matatu, makali kumi na nane. Nikaanza.

La kwanza likakata. La pili likakata. La tatu likakata. Watu wakaanza kuhesabu na mimi. Kichwa cha pili: kata, kata, kata. Mwenye bucha akaniletea kiti bila kuombwa, kama mtu anavyomletea mgonjwa kiti. Kichwa cha tatu: kata mara tatu. Kijasho kikanishuka mgongoni. Kichwa cha nne kikakata utepe vizuri hivi kwamba mgeni mwenyewe akapiga makofi. Cha tano vile vile. Makali kumi na tano, yote wembe.

"Mama Makali," mwenye bucha akasema, "umebakiza kimoja cha kukuokoa. Tukuombee?"

"Wewe tayarisha mbavu."

Kichwa cha sita. Bawa la kwanza likakata. Kicheko kikapanda. Bawa la pili. Nikalipitisha, utepe ukaanza kunyooka. Ukanyooka. Ukaja na mkono wangu kama mtoto anayeng'ang'ania nguo ya mama yake sokoni, na mwisho ukachomoka ukanipiga kwenye pua.

Kibaraza kikalipuka kwa kicheko. Mimi pia nilicheka mpaka nikashika nguzo. Bawa la tatu lilikata bila shida. Makali kumi na saba mazuri, moja kijiko. Nikarudia yote tangu mwanzo, kwa kuwa nawajua watu wa Ruti. Likawa lile lile, kichwa cha sita, bawa la pili. Labda mashine huko kiwandani ilipiga chafya.

"Umesema sita, ni moja," Tumwine akasema, na kwa mara ya kwanza aliniona ninaweza kuchekwa, akafurahi. "Nyabo umeshindwa. Moja tu."

"Nimeshindwa," nikakubali. Tena nikalisema kwa sauti ile ile ya kanisani, maana ukikosea mbele za watu, unarekebisha mbele za watu. "Ni moja tu. Sasa niambie, Tumwine. Ukienda porini kwa huyu swala mmoja, mgeni wako anapiga mishale mingapi?"

Akafikiri. Nikaona furaha inamshuka usoni polepole.

"Moja," akasema.

"Moja tu," nikasema.

Akaipeleka kwa Kiingereza kwa mgeni. Mgeni akaacha kucheka, akachukua kile kichwa cha sita, akakipitisha kwenye utepe yeye mwenyewe. Utepe ukampiga na yeye. Akanirudishia kwa mikono miwili.

Hapo ndipo kazi ilipoanza, na hapa nyinyi wa mashine za umeme mnisikilize. Najua grinda zenu zinamaliza panga kabla mimi sijafunga aproni. Siwaonei wivu. Nawaonea wivu kidogo tu. Lakini chuma chembamba kwenye grinda kinapata moto, kikibadilika rangi kuwa bluu kimekufa, kitanoleka asubuhi na mchana kitakuwa kijiko. Kitu kidogo kinolewe kwa jiwe la mkono na maji, polepole. Kwa kichwa cha mabawa matatu nilipaka rangi ya kucha kwenye makali, nyekundu, ya binti yangu, nikakilaza juu ya jiwe. Mabawa mawili yanalala pamoja, la tatu linaangalia mbinguni. Unavuta mara moja, unaangalia. Rangi ikitoka kwenye makali yenyewe, umelaza sawa. Ikitoka mgongoni tu na makali yamebaki mekundu, unanoa mgongo, utanoa mpaka Krismasi. Maharagwe kumi, zungusha, kumi, zungusha, kumi. Kwa njia hiyo kila bawa linaguswa mara ishirini na hakuna linaloonewa.

Halafu nikafanya makusudi jambo baya. Nilikilaza sana kwenye jiwe, nikakipa makali membamba kama ya kisu cha kuparia samaki wa ziwani kwetu. Kikanyoa nywele za mkono wa mgeni. Mgeni akafurahi kama mtoto, akataka kukiweka kwenye mshale hapo hapo. Nikamwambia Tumwine amwambie angoje. Nikachukua upande wa kwanza wa mbavu, nikakisukuma kwa nguvu, ngozi, nyama, kikagonga mfupa, kikapita. Nikakirudisha kwenye utepe. Utepe ukanyooka mpaka kwenye pua. Makali yalikuwa yamejikunja kwenye mfupa.

"Mzee Silvestre aliniambia," nikamweleza Tumwine, "makali ya kunyoa ni ya kinyozi. Swala ana mbavu."

Nikakinoa tena, safari hii nimeinua mkono kidogo, makali mafupi yenye mgongo. Nikamalizia kwenye mkanda wa ngozi, kuondoa kile kinyuzi cha chuma kinachojikunja upande wa pili, ambacho ninyi mnakiacha kila siku na mnadhani sikioni. Upande wa pili wa mbavu: ngozi, nyama, mfupa, kikapita. Utepe ukakatika. Mwenye bucha akasema sasa ameelewa kwa nini pande mbili, na akazipeleka kwenye mafuta kabla sijapata wazo la tatu.

Tulikula. Kumi na watano kwenye kibaraza cha watu sita. Mgeni alikula kwa mkono, akasema jambo kwa kila mtu.

Vile vitano vingine sikuvigusa na jiwe. Nilivipitisha tu kwenye ngozi mara chache, nikavifuta mafuta ya kiwandani. Kitu kinachokata, kiacheni kikate. Nusu ya vitu mnavyoletewa mnaviharibu kwa sababu mteja amesimama pale na mnaona aibu kumwambia hakuna kazi. Lakini cha sita sikukiamini. Kilikuwa kimenolewa mara mbili, kimegonga mifupa, chuma kimepungua. Kichwa chenye bawa moja jepesi kinaweza kuyumbisha mshale hewani. Basi nikakiwekea doa la ile rangi ya kucha kwenye shingo yake, nikamwambia Tumwine: hiki chenye doa jekundu ni cha kupigia gunia la mazoezi tu. Usikipeleke porini. Akasema amesikia. Nikamwambia arudie. Akarudia.

Halafu pikapu ya mahindi ikachelewa. Mnanijua, siwezi kukaa na kitu kilichokosewa mbele yangu. Nikakitoa tena kwenye boksi. Nikakifunga kwenye mshale mmoja wa mgeni, nikasimamisha ncha kwenye kiganja, nikauzungusha. Ukatikisika. Nikapunguza bawa moja, maharagwe matatu. Nikauzungusha. Ukatikisika kidogo. Haragwe moja, bawa lingine. Nikauzungusha, ukasimama kwenye kiganja changu kimya kama maji ya mtungini. Nikakipima kwenye utepe, mabawa yote matatu. Nikakipima tena. Nikakirudisha kwenye boksi nikiwa nimeridhika na bila sababu yoyote, kwa kuwa kilikuwa kichwa cha kupigia gunia. Tumwine alikuwa anafunga mizigo, sikumwambia. Doa likabaki.

Siku nne zikapita. Siku ya tano nilikuwa shambani hapa Juru napalilia, nikasikia pikipiki. Nikamwona anakuja kwa miguu katikati ya mahindi, buti nyekundu, kofia mkononi. Uso hauna habari yoyote. Akakaa kwenye tuta, akanipa boksi.

Nikalifungua. Vitano. Nikahesabu kutoka upande wa pili. Vitano. Kishimo cha mwisho kilikuwa kitupu.

"Tumwine. Chenye doa kiko wapi?"

"Mama." Ilikuwa mara ya kwanza hakuniita nyabo. "Mimi nilikuwa nafunga gari. Mgeni alifungua boksi peke yake. Aliona moja iko na alama nyekundu. Alifikiri mama amechagua ile nzuri kuliko yote."

"Wewe ulimwambia nini?"

"Nilijua wakati mshale umekwisha toka."

Jembe likaniponyoka. Nikafikiria lile bawa, ule mfupa, majerikani ya maziwa, na yule swala wa pili aliyesimama kumwangalia. Nikauliza kwa sauti ndogo sana, "Alikimbia?"

"Alikimbia."

"Mbali?"

Akaangalia mahindi yangu muda mrefu. Wanyankore wanajua kumtesa mtu bila kumgusa. Halafu pembe moja ya mdomo ikaanza kumsaliti.

"Hatua thelathini na nane. Halafu akalala, kama mtu amechoka. Nilipofika, amekwisha."

Nilikaa chini. Nilitaka kumpiga kwa jembe, na nilitaka kuimba, na vyote viwili vikatoka kama kicheko. Akacheka na yeye, tukacheka mpaka jirani wa shamba la pili akasimama juu ya kichuguu kuangalia.

"Thelathini na nane," nikamwambia nilipopata pumzi. "Umehesabu mara ngapi?"

"Mbili, mama. Kwenda thelathini na nane, kurudi thelathini na nane. Nilijua utauliza."

"Na bosi?"

"Bosi nasema kila boksi mpya ipite kwa mama kwanza."

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa kitambaa kilichokunjwa vizuri. Akakifungua juu ya goti lake. Kichwa cha sita kilikuwa ndani, kimeoshwa, doa bado jekundu shingoni.

"Mgeni anataka kukipeleka kwao kama ukumbusho, lakini mimi nimemwambia angoje," alisema. "Sasa hii si mpya tena. Inataka kunolewa, au hapana?"

Nikakichukua, nikakigeuza kwenye jua, bawa la kwanza, la pili, la tatu. Nikafuta udongo mikononi.

"Sijui," nikamwambia. "Lete mbavu. Pande mbili."